Besi na neno "bon"

Usiku mmoja wa Juni, katika ukumbi wa harusi wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, tulipiga nyimbo 5. Tulikuwa tumeandaa 14. Baada ya wimbo wa tano, mjomba wa bibi harusi alitusogelea taratibu, akamwinamia mwimbaji wetu na kumwambia kwa heshima yote: "Bana, mupumzike kidogo. Mukule kwanza." Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Tuliweka vyombo chini, tukaketi kwenye meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni, tukaletewa bukari, samaki na sombe. Kabla sijamaliza kunawa mikono, kijana wa vyombo alikuwa amekwisha kuchomeka flashi. Wimbo wa kwanza kutoka kwenye spika ulikuwa ule ule tuliotoka kuupiga: "Mario", wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985.

Watu wakainuka. Mama mmoja aliyekuwa amekaa tangu tulipoanza, mikono mapajani, aliinuka kwa haraka hata kiatu chake kimoja kikabaki chini ya meza. Alicheza hivyo hivyo, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

Nilimtazama huku chakula kinapoa. Wimbo ni ule ule. Noti nilizijua zote. Mama ni yule yule, na baridi ya Juni ilikuwa ile ile iliyomfanya ajifunge kitenge mabegani. Kwa nini flashi ilimwinua na sisi tulimkalisha?

Bendi yetu ina watu sita: waimbaji wawili, gitaa la solo, gitaa la kusindikiza, ngoma, na mimi kwenye besi. Hatutungi. Tunapiga nyimbo za wengine, hasa rumba, katika harusi, sikukuu za kuzaliwa na mara chache matanga. Wote tuna shughuli nyingine mchana. Tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika wa binadamu, nasi tulifurahi kama Wakongo wote, lakini orodha hiyo haikutusaidia lolote usiku ule.

Jumanne iliyofuata tulikutana Katuba, uani kwa mpiga ngoma, mahali tunapofanyia mazoezi. Mpiga solo ndiye aliyesema kwanza. Alisema tatizo ni besi. Alisema nakimbia, nachafua, na kwamba anamjua kijana mwingine wa kanisani kwao ambaye anaweza kuchukua nafasi yangu. Wengine walitazama chini. Kisha mpiga ngoma akauliza kama kijana huyo ana besi yake mwenyewe. Hakuwa nayo. Yangu nilinunuliwa na mjomba nilipomaliza sekondari. Basi wakanibakiza. Naandika jambo hili jinsi lilivyokuwa: kilichoniokoa siku ile ni kuwa mwenye chombo, siyo kujua kukipiga.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kunibakiza. Mnamo Septemba dada yangu mkubwa angeolewa, na alikuwa ameshasema mbele ya familia nzima kwamba bendi ya mdogo wake ndiyo itakayopiga. Baba hakutaka. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mpenzi mkubwa wa Franco, na kwake besi ndiyo iliyokuwa ikinichelewesha kumaliza kazi yangu ya mwisho wa masomo. Habari za usiku wa komini ya Kenya zilikuwa zimemfikia. Baada ya majadiliano marefu ambayo mimi sikuitwa, alikubali kwa sharti: "Lisaa limoja. Kisha disiki."

Tulikuwa na miezi mitatu.

Hapa lazima nieleze ile kazi ya masomo, kwa sababu mambo haya mawili yaliingiliana bila mimi kupanga. Nilikuwa nikiandika juu ya masimulizi katika Kiswahili cha Lubumbashi. Nilikuwa nimerekodi wauzaji sokoni na wasafiri katika taksi-basi, kwa ruhusa yao, kisha nikaandika walichosema neno kwa neno. Au niliamini hivyo. Mwezi ule ule wa Juni mwalimu anayeniongoza alinirudishia kurasa zangu za kwanza. Pembeni mwa ukurasa wa pili alikuwa ameandika kwa wekundu: "Nani anasema hivi?"

Nilijua alichokiona. Nilikuwa nimefuta maneno yote ya Kifaransa yaliyosimama peke yake kati ya sentensi: *bon*, *alors*, *donc*, *puis*. Niliyaona kama uchafu, vumbi lililoingia katika Kiswahili kwa dirisha la shule. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amenisimulia hivi: "Nilifika pale kwake. Bon. Nilimuuliza: ile makuta iko wapi? Alors, yeye ananiangalia tu." Katika karatasi yangu alikuwa amefika, ameuliza na ametazamwa, vyote katika mstari mmoja laini usio na kituo. Nilidhani namheshimu kwa kumsafisha.

Mwalimu alinituma nikasome kitabu cha Vincent de Rooij cha mwaka 1996 kuhusu mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba na Kifaransa. Wengi katika kitivo hiki wanakijua. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba maneno hayo yana kazi. Yanamwonyesha msikilizaji viungo vya masimulizi: hapa jambo moja limekwisha, hapa lingine linaanza, hapa narudi nilikotoka. Tena yanaifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu ni ya lugha nyingine. Katikati ya Kiswahili, neno la Kifaransa linajitenga na kusikika. Tofauti yenyewe ndiyo alama.

Nilisoma, nikaelewa, nikaweka kitabu kando. Haikunijia hata kidogo kwamba kinanihusu mimi na nyuzi zangu nne.

Kilichonifungua ni uvivu. Usiku mmoja wa Julai nilikuwa nimechoka na wauza samaki, nikafungua katika simu rekodi nyingine: onyesho letu la Juni. Mpiga gitaa la kusindikiza huwa anaacha simu yake ikirekodi juu ya spika. Nikaanza kuiandika kama ninavyoandika mazungumzo, katika safu tatu: wakati, nani, nini. Sikuwa na nia ya utafiti. Vidole vilikuwa vimezoea tu.

Kufikia usiku wa manane nilikuwa na jedwali la nyimbo 5. Nilihesabu noti zangu zisizo sahihi, nikapata 23. Nilihesabu pia mahali ambapo bendi nzima iliyumba, nikapata 11. Ndipo nikasikiliza wageni. Rekodi ya simu inachukua kila kitu, viti, vijiko, watoto. Kwenye zile noti 23 hakuna kilichobadilika ukumbini. Watu waliendelea kama walivyokuwa. Lakini kwenye zile sehemu 11 sauti za mazungumzo zinapanda. Unasikia viti. Unasikia mtu akimwita mtu. Watu walikuwa wametuacha hapo.

Na katika hizo 11, sehemu 9 zilikuwa kwenye viungo: mwanzo wa wimbo, mahali ambapo ubeti unaishia na sebene inaanza, mwisho, na kimya kati ya wimbo na wimbo. Kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa cha dakika 1 na sekunde 50, mpiga solo akirekebisha nyuzi huku mwimbaji akisema "ndiyo, ndiyo" kwenye maikrofoni.

Nikarudia zile sehemu 9 nikisikiliza besi peke yake. Kwenye kila kiungo, ndipo nilipopiga noti nyingi zaidi. Sebene inakaribia, mimi napanda na kushuka shingo yote ya gitaa. Wimbo unakwisha, mimi naongeza mapambo. Nilikuwa nimeogopa mahali pale pale ambapo wenzangu walikuwa wananitafuta ili wajue tuko wapi, na hofu yangu ilikuwa inatoka kama noti. Mpiga solo alisema kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba nakimbia kila mahali.

Sehemu ya kosa hilo ina sababu ya kawaida kabisa. Nyimbo zote nilikuwa nimejifunza kwa spika ndogo ya simu. Uzi mzito wa besi, Mi, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ya simu yenye upana wa ukucha haiwezi kulitoa. Inachotoa ni zile sauti za juu zinazofuatana na noti, na sikio linajaza zilizobaki. Kwa hiyo nilikuwa nimesikia mikwaruzo na mapambo ya wapiga besi wakubwa, bila uzito wao na bila vituo vyao, kwa sababu mahali besi iliponyamaza, kwenye simu palijazwa na gitaa. Nilipoazima visikizi vizuri nikarudia nyimbo hizo hizo, nilishangaa. Wale watu hawapigi nyingi. Wanaacha pigo la kwanza lipite, wanaingia nyuma yake, wanatulia.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Kamalondo, ambaye zamani alipiga besi katika baa, na sasa hapigi tena ila anapenda kuulizwa. Nilimpigia mstari wangu wa wimbo mmoja, ule niliouonea fahari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mudogo, ni muzuri. Sasa unionyeshe ni wapi unanyamazaka."

Nilitafuta. Nilipitia wimbo wote kichwani, mbele yake, kwa dakika nzima. Hapakuwa na mahali.

Hakunicheka. Aliingia ndani, akatoka na gitaa kavu lenye uzi mmoja uliopungua, akapiga kitu cha Mwenda wa Bayeke. Sisi wa Katanga tunamjua Mwenda kama tunavyojua majina ya mitaa. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na "Masanga" ikavuka mipaka hadi mbali. Lakini mzee hakutaka niutazame mkono wa kushoto. Alitaka nitazame kidole gumba cha kulia. Mwenda alipiga peke yake, kwa kidole gumba na cha shahada, na hicho gumba ndicho kilichokuwa besi yake, miaka mingi kabla gitaa la besi halijafika mikononi mwetu. Mtu anayefanya kazi za watu watatu kwa vidole viwili hana noti ya kutupa. Gumba linashuka mahali linapohitajika, kisha linangoja. Mzee alinieleza pia habari za wenziwe wa zama zile waliosindikizwa na chupa tupu ya Fanta iliyogongwa kwa kitu cha chuma, basi. Chupa haina noti. Inasema tu tuko wapi.

Wiki iliyofuata alinipa adhabu. Nisipige chochote isipokuwa noti ya msingi kila kodi inapobadilika, pamoja na mguu wa mpiga ngoma, na nisimtazame mtu mwingine yeyote. Mpiga ngoma alifurahi sana. Alisema kwa miaka miwili alidhani simpendi.

Hapo ndipo kitabu cha de Rooij kilinirudia, nikiwa nimesimama uani Katuba na vumbi miguuni. Nilikuwa nikitafuta alama ya kuwaambia wenzangu na watu kwamba sebene inaingia. Siku zote nilikuwa nimejaribu kuwaambia kwa noti, na noti katikati ya noti nyingine haisikiki kama alama. *Bon* inasikika kwa kuwa imezungukwa na Kiswahili. Mimi nilihitaji kitu ambacho si cha lugha niliyokuwa nikiizungumza dakika zote zilizotangulia. Kwa mpiga besi, kitu hicho ni kunyamaza. Tukajaribu: mwisho wa kiitikio cha mwisho mimi naacha mapigo mawili matupu, ngoma peke yake ibaki, kisha naingia na mguu wake kwenye pigo la kwanza la sebene. Mara ya tatu waimbaji wote wawili waligeuka kwa wakati mmoja bila kuambiwa. Mara ya tano mtoto wa jirani, ambaye hukaa juu ya ukuta kututazama, alianza kutikisa mabega pale pale tulipotaka.

Nisidanganye kwamba wote walikubali. Mpiga solo alipinga, na hoja yake ilikuwa na nguvu. Alisema katika disiki besi hainyamazi mahali pale. Akaniwekea disiki, na kweli hainyamazi. "Sisi tunapiga nyimbo za batu," akasema. "Weye ni nani wa kuzikata?"

Nililala na swali hilo siku kadhaa, kwa sababu lilikuwa swali la mwalimu wangu limegeuzwa. Kwa muuza samaki nilikuwa nimeondoa kilichokuwapo. Kwenye rumba nilitaka kuweka kisichokuwapo. Je, siyo kosa lile lile, la mtu anayejiona anajua kuliko anayemnukuu? Nadhani si lile lile, ingawa ni ndugu yake. Karatasi yangu ilidai kuwa maneno ya yule mama, na haikuwa. Onyesho halidai kuwa disiki. Disiki ilifanywa katika chumba, na msikilizaji anaweza kuirudisha nyuma. Nyingi zinamalizika kwa sauti kufifia polepole, jambo ambalo watu sita wenye vyombo mikononi hawawezi kulifanya bila kuonekana vichekesho. Mbele ya watu lazima tutunge mwisho ambao disiki haina. Tukishakubali kutunga mwisho, tumeshakubali kwamba viungo ni kazi yetu. Hata hivyo tulipatana: katika nyimbo mbili anazozipenda kuliko zote, besi inafuata disiki noti kwa noti. Nazifuata mpaka leo.

Mambo mengine tuliyobadilisha yalikuwa ya mikono tu, na huenda yakawafaa wenzetu wa bendi nyingine za wanafunzi. Tulipanga nyimbo kwa kufuatana na kodi zao, ili mpiga solo asirekebishe nyuzi kati ya wimbo na wimbo. Akilazimika kurekebisha, mimi nashikilia noti moja chini, polepole, na mwimbaji anasalimia watu juu yake, ili kimya kisionekane kama ajali. Tulijifunza miisho mitatu tu, ikatosha kwa nyimbo zote, kila mmoja na ishara yake ya jicho. Nilihama kutoka mbele, nikasimama ubavuni mwa ngoma, mahali ninapoona mguu. Na kabla ya kuanza naweka besi chini, naenda hadi ukuta wa nyuma wakati mwenzangu anagusa uzi mmoja. Ukumbi wenye kuta tupu hukuza sauti nzito zikawa ngurumo moja isiyo na mwanzo wala mwisho, na mwenye ampli miguuni pake ndiye wa mwisho kulijua hilo. Nikisikia ngurumo, napunguza sauti nzito kwenye ampli, hata kama jukwaani besi yangu inakuwa nyembamba kuliko ninavyopenda.

Mwezi wa Agosti nilirudisha *bon* zote mahali pake. Ilinibidi nisikilize upya saa zote za rekodi. Kazi ilikuwa ndefu na iliniaibisha kidogo, kwa sababu katika sehemu nyingi niligundua kwamba sikuwa nimefuta neno moja tu. Nilikuwa nimefuta pia kituo kilicholifuata, pumzi ambayo yule mama aliivuta kabla ya kusema jambo zito. Niliyaandika yote mawili.

Harusi ya dada yangu ilifanyika uani kwa baba, chini ya hema lililokodiwa. Nje hakuna kuta, sauti nzito inakimbia usiku bila kurudi, kwa hiyo mara hii niliongeza nilichozoea kupunguza. Wimbo wa kwanza watu walitazama. Wa pili shangazi zetu watatu waliinuka, nadhani kwa kumwonea dada huruma. Wa tatu, mapigo mawili matupu yalipopita na sebene ikaingia, niliona upande wote wa kushoto wa hema ukiinuka kama mtu mmoja. Sikumtazama baba. Nilitazama mguu wa mpiga ngoma, kama nilivyoadhibiwa.

Dakika ya 35 hivi, katikati ya wimbo wa sita, umeme ukakatika.

Kwa bendi kama yetu giza si habari. Habari ni nani anayebaki. Ngoma inabaki. Waimbaji wanabaki kidogo, wakipaza sauti. Magitaa yanakuwa kama nzi. Besi inatoweka yote, kana kwamba haikuwahi kuwapo. Nilipiga uzi mara mbili nikasikia mbao tu. Mpiga ngoma aliendelea, nikamwona kwa mwanga wa simu za watu akinitafuta kwa macho, kwa kuwa kiitikio cha mwisho kilikuwa kinakaribia na yeye naye alikuwa amezoea kungoja alama yangu.

Kwenye meza ya karibu kulikuwa na chupa za Fanta. Nilichukua moja tupu na kijiko. Nikagonga, karibu na ngoma, kwa urahisi kadiri nilivyoweza, pale tu gumba lingeshuka. Mama wazee walikuwa wameshika wimbo kwa midomo yao. Kiitikio kilipofika mwisho niliinua kijiko nikanyamaza. Mpiga ngoma, sijui kwa nini, alinyamaza pia, jambo ambalo hatukuwa tumepanga. Kwa mapigo mawili hapakuwa na chochote chini ya hema lile isipokuwa miguu ya watu juu ya udongo. Kisha tukaingia wote, chupa, ngoma na mama wale, mahali pamoja.

Dakika chache baadaye jenereta la jirani likawashwa. Umeme ulirudi kwa mlipuko katika spika, nikarukia besi, nikaingia nusu toni juu ya wenzangu. Watu walicheka sana. Mpiga solo alicheka kuliko wote. Kosa hilo limo katika rekodi, na nimeliandika kwenye jedwali, noti ya 9 kati ya noti mbaya 17 za usiku ule. Bendi kuyumba: mara 3.

Lisaa limoja lilipokwisha baba alimpa ishara kijana wa disiki, kama alivyosema. Hakuongeza hata dakika moja.

Asubuhi yake nilimkuta akinywa chai uani, kati ya viti vilivyopinduliwa. Nilimwamkia, nikaanza kukusanya nyaya. Alinitazama muda, kisha akauliza: "Ile fashi mulinyamaza pa kati, wakati ya giza. Ilikuwa ya kusudi, ao ni umeme?"

Nilifikiri kidogo, kwa kuwa nusu ilikuwa ya kusudi na nusu sijui ilikuwa ya nani. Nikamwambia: "Ya kusudi, baba."

"Bon," akasema. Akamimina chai nyingine, kisha akaniuliza kama nimeshampelekea mwalimu zile kurasa.